Muulize Shangazi: Majani yanapukutika, watoto wamejaa nguvu, tufanyeje?

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya wazazi wenye watoto wadogo, na wote wanalia kitu kimoja: msimu wa majani kupukutika umefika, nje kunapendeza hatari, lakini kumtoa mtoto na kurudi naye bila vita ni shughuli. Nimechagua machache, yanayofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo Shangazi. Nina watoto wawili, mmoja miaka 2 mwingine 5. Kila wikendi napanga twende msituni kuangalia rangi za majani, tunaendesha karibu saa nzima, tukifika tu dogo anataka kubebwa, mkubwa kaokota kijiti hataki kusogea, mume wangu ananuna, mimi nanuna, tunarudi gari zima kimya. Mtandaoni naona familia za watu zimevaa masweta zinacheka. Wenzetu wanafanyaje? – Mama Aliyechoka

Marahaba mwanangu. Hizo picha achana nazo, aliyepiga ndo anajua zilitanguliwa na kelele gani.

Sasa tuje kwako. Tatizo si watoto wala si msitu, ni kwamba safari ni yenu nyie wakubwa, nyie ndo mnataka mandhari. Mtoto wa miaka 2 mandhari hana habari nayo kabisa, dunia yake iko chini karibu na miguu yake, na kama pale mlipopaki gari kuna dimbwi na rundo la majani basi yeye ameshafika, nyie ndo mnamvuta aondoke alikokuwa anapataka, halafu mnashangaa analia. Na yule wa 5 na kijiti chake hajagoma, anafanya kazi, we hujui tu ni kazi gani.

Kwahiyo punguza umbali. Kumkalisha mtoto saa nzima kwenye gari ili akatembee nusu saa ni hasara tupu. Tafuta mahali karibu penye miti, hata mitano inatosha, muwe mnaenda palepale mara kwa mara, maana watoto wadogo wanapenda kurudia rudia na msimu huu mti uleule kila ukienda umebadilika, leo kijani, baadae njano, siku nyingine uko mtupu na majani yote yapo chini yanasubiri kurukiwa. Huo msitu wa mbali muweke kwa siku moja moja tu, siku mmelala vizuri. Nendeni mapema wakiwa wameshiba, giza msimu huu linaingia mapema na kila siku linazidi kuwahi. Na mgeuze wakati bado wana nguvu, jamani, watu wanasahau kwamba hatua zote mlizoenda mbele mtazirudia kwa miguu ileile.

Halafu mpe mtoto kazi. Chukua trei la mayai la karatasi, kila kishimo kipake rangi yake chini, njano, nyekundu, kahawia, kijani, mwambie ajaze vitu vinavyofanana na hizo rangi. Yule mdogo mpe mfuko tu aokote anachotaka, hata kama ni mawe matupu, usimchagulie.

Nguo nazo ndo zinaua safari nyingi. Valisha tabaka tabaka, nguo kadhaa nyembamba badala ya moja nene, jua likitoka unavua moja, upepo ukija unarudisha. Kama kuna unyevu ile ya ndani isiwe pamba, pamba ikilowa inashika maji na inamnyonya mtoto joto, sufu ni bora zaidi. Buti za mpira, soksi za akiba za kutosha. Na kumbuka aliyekaa kwenye kigari au mgongoni hatembei, anapoa haraka kuliko wewe unayetoka jasho unamsukuma, kwahiyo usipime baridi yake kwa mwili wako, mguse shingoni au kifuani. Lingine ambalo wengi hawalijui: kwenye gari mvue jaketi nene kabla ya kumfunga kwenye kiti chake. Mkanda ukipita juu ya jaketi lililotuna unaonekana umekaza kumbe umelegea, gari likigonga jaketi linabonyea na mkanda haumshiki tena. Mfunge kwanza, jaketi mfunike nalo kwa juu kama blanketi.

Shangazi habari, mwanangu wa miaka 4 kaniuliza kwanini majani yanakuwa mekundu nikamwambia yamezeeka. Mama yake kanicheka. Nimekosea? – Baba wa Maswali

Haujakosea sana baba, ila kuna stori nzuri zaidi ya uzee na wala sio ngumu. Jani ni kijani sababu lina klorofili, ndo inayotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha mti. Siku zikianza kuwa fupi na baridi ikiingia mti unaacha kutengeneza klorofili mpya, ile iliyokuwepo inavunjika, na rangi ya njano na chungwa inajitokeza. Sasa hapa ndo patamu: hiyo njano ilikuwemo ndani ya jani muda wote, ilikuwa imefunikwa tu na kijani. Mwambie mwanao "ilikuwa imejificha" uone macho yake. Nyekundu ni habari tofauti, hiyo kwa miti mingi inatengenezwa upya msimu huuhuu kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, ndo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofika kugandisha, wekundu unakuwa mkali. Halafu pale kikonyo kinaposhikana na tawi mti unajenga ukuta mdogo wa seli, kama kufunga mlango, jani linakatika, upepo unamalizia. Kwa walio kaskazini mwa dunia haya yote ni kuanzia Septemba hadi Novemba, kusini ni Machi hadi Mei, na hilo nalo ukimwambia atakuuliza maswali mengine kumi, jiandae.

Akitaka kuona kwa macho, mpe koni ya msonobari iliyokauka na kufunguka, itumbukizeni kwenye bakuli la maji. Inajifunga. Itoeni ikauke, inafunguka tena. Mti unafanya hivyo ili mbegu zisitoke siku ya mvua, zikatoke siku kavu zipeperuke mbali. Na zile mbegu zenye bawa za mti wa mepo (maple kwa Kiingereza) mzirushe juu zizunguke kama helikopta, hiyo peke yake inaweza kumaliza jioni nzima na haina gharama yoyote.

Tunaokota majani mazuri, siku mbili tatu yamejikunja yamekuwa kahawia, binti yangu analia kama kafiwa. Yanahifadhiwaje? – Mama Binti

Yabanwe siku hiyohiyo mliyookota, usisubiri kesho. Futa maji, panga kati ya karatasi mbili zinazonyonya, weka kwenye kitabu kizito, juu ongeza vitabu vingine. Karatasi badilisha baada ya siku chache hasa kama majani yalikuwa na unyevu, la sivyo yataota ukungu, na baada ya wiki moja mpaka mbili yatakuwa makavu na bapa. Ukitaka yabaki laini yasivunjike, changanya sehemu moja ya glisarini na mbili za maji kwenye sinia, yalaze humo yazame kwa siku kadhaa kisha yafute, yanakuwa kama ngozi. Rangi itafifia tu mwisho wa siku, hasa ukiyabandika penye jua, kwahiyo mpigie picha lile analolipenda kuliko yote.

Shangazi mi sio mtu wa sanaa hata kidogo. Naangalia video, nanunua gundi, karatasi, vimacho vya kubandika, natandaza mezani, mtoto anakaa dakika mbili anaondoka, namalizia mwenyewe yule bundi wa majani huku nimekasirika. Nikimlazimisha analia. Niache? – Mikono Mizito

Hahaha, huyo bundi alikuwa wako toka mwanzo mama, mtoto alialikwa tu. Acha bundi, sanaa usiache.

Angalia ilivyo: kazi yenye picha ya mwisho iliyopangwa na mtu mwingine inakuwa mtihani, na mtoto wa miaka 3 au 4 akishaona macho yako yako kwenye kile kinachotakiwa kutokea anajua amekosea kabla hajaanza. Yeye anachotaka ni kuona gundi inavyovutika. Anataka kuchana, anataka kubandika selotepu juu ya selotepu. Huo ndo ufundi wenyewe, vidole vinajifunza hapo, kitu cha kutundika ukutani kikipatikana ni bahati.

Anza na hii, inafanyika nje hukohuko na haina maandalizi: mzungushie selotepu pana mkononi, upande wenye gundi uwe juu, isibane. Tayari, hiyo ni bangili, anatembea anabandika anachookota, petali, majani, manyoya ya ndege. Hata wa miaka 2 anaweza. Nyingine ni kusugua: weka jani chini ya karatasi nyembamba, upande wenye mishipa iliyotokeza uwe juu, asugue na ubavu wa krayoni iliyobanduliwa karatasi yake, mishipa inajitokeza yenyewe. Magome ya miti pia yanakubali, na hapo kuna raha ya kulinganisha mti huu na ule. Wa miaka 5 kwenda juu mtafutie tawi lenye umbo la manati, zungusha nyuzi za sufu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, yeye afume kwa kupitisha majani na nyasi juu chini juu chini.

Kuna na unga wa chumvi, vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, ukande mpaka ushikane. Anagandamizia majani na koni inabaki alama, mnakausha hewani siku kadhaa au oveni ya moto mdogo. Ila asiule, chumvi yake ni nyingi mno, na kama mna mbwa muwe macho zaidi maana wao wanaubugia wote na unaweza kuwaua.

Na wewe sasa kaa fanya yako. Ndio, yako, karatasi yako pembeni. Usimrekebishie, usimuulize "hiki ni nini?", mwambie tu unachokiona, "umetumia nyekundu nyingi", basi. Akiondoka baada ya dakika mbili mwache aende, vitu viache mezani, mara nyingi anarudi mwenyewe ukiwa umeshasahau. Na akirudi usishangilie sana, utamfukuza!

Vitu vya kuokota vina hatari? – Mwoga

Baadhi vina. Aliye chini ya miaka 3 kila kitu ni mdomoni, kwahiyo kokwa za mwaloni na vijiwe vidogo viwe vya kuangalia tu ukiwa hapohapo, kipimo rahisi ni lile bomba la boksi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha, kinachopita humo kinaweza kumkaba. Zile kokwa kubwa za kahawia zinazong'aa zinazotoka kwenye ganda la miiba ni nzuri kwa kuchezea ila za aina nyingi ni sumu kuzila. Uyoga msiule hata kidogo, hata mzee wa familia akisema anaujua, nawa mikono tu baada ya kushika. Na kupe wapo bado msimu huu, mkirudi kagua nyuma ya masikio, kwapani, kwenye kinena na nyuma ya magoti, ukimkuta mshike na kibano karibu kabisa na ngozi uvute moja kwa moja taratibu, usimpake mafuta wala usimchome moto.

Mvua siku tatu mfululizo! – Tumefungiwa

Vaa buti mtoke. Kama ina radi kaeni ndani, toeni ule mfuko wa vitu mlivyookota mvipange kwa rangi.

Mwanangu, mimi ni bibi, magoti hayaniruhusu kukimbizana na wajukuu kwenye majani. Nami nataka kuwepo. – Bibi wa Watatu

Shikamoo mama. Kaa kwenye benchi, uwe mkuu wa makumbusho. Wao wanaleta, wewe unapokea kwa heshima zote, unauliza kimetoka wapi, unapanga pembeni yako, na kila mmoja anataka cha kwake kipokelewe kwanza, utaona wanavyokimbia bila wewe kunyanyuka. Nyumbani wafundishe kufuma kwa vidole bila sindano, kuanzia miaka 5 hivi wengi wanaweza: uzi unapita mbele na nyuma ya vidole vinne, unarudi hivyohivyo mara ya pili, kisha ule wa chini unavushwa juu ya kidole kimoja kimoja. Chukua uzi mnene, mwembamba utawakata vidole na wewe utashindwa kuuona, na usiwaachie wakaze sana kwenye mzunguko wa kwanza maana hapo ndo wengi wanakwama wakadhani hawawezi.