Maswali ya Wasomaji: Mti wa Kivuli Tuupande Wapi?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Tumehamia kwetu juzi juzi, uwanja ni mtupu kabisa, na sebule inaangalia magharibi kwahiyo kuanzia saa tisa alasiri ndani hakukaliki, hata pazia halisaidii. Mume wangu anataka mti unaokua haraka, tuupande mita 2 kutoka ukutani ili kivuli kifike. Jirani anasema mizizi itabomoa msingi, tuachane kabisa na miti. Nimsikilize nani?
Mama wa Sebule ya Moto

JIBU: Marahaba mama. Miti msiache, ila hizo mita 2 hapana. Jua la alasiri linakuja limeinama, na likishainama sana kivuli kinakuwa kirefu kuliko mti wenyewe, kwahiyo mti ulioko mita 7 au 8 upande wa magharibi bado utafunika huo ukuta vizuri tu. Jaribuni kabla ya kuchimba: simamisheni mlingoti mrefu pale mnapopafikiria, saa kumi hivi tokeni nje muangalie kivuli chake kinaangukia wapi, mkiona kinapita pembeni ya dirisha sogezeni mpaka kikae.

Kuhusu msingi, jirani ana hoja lakini kaizidisha. Mizizi mingi ya mti iko juu juu, ndani ya sentimita 60 za mwanzo, na inatambaa mbali kuliko matawi. Bomba zima haiwezi kulitoboa, inaingia pale penye ufa au kiungo kinachovuja maana imefuata maji. Udongo wa mfinyanzi ndo wa kuogopa zaidi, mti ukinywa maji yote kiangazi udongo unasinyaa, msingi unakaa vibaya na kuta zinapata nyufa. Kama udongo wenu ni huo, sogeeni mbali zaidi, na shimo la maji taka lipisheni pia.

Sasa mti upi. Mimi nashikilia kwamba swali la kwanza lisiwe unakua haraka kiasi gani, liwe ukishakomaa utakuwa na ukubwa gani, maana miti mingi ya haraka haraka mbao yake ni laini, inakatika kwa upepo. Mkaratusi unaenda juu kwa kasi kweli lakini majani yake yananing'inia, jua linapenya, na maji unakunywa sana. Mkrismasi, ule wa maua mekundu, ni mzuri kwa macho na unatanda kama mwavuli, ila mizizi yake iko juu na ina nguvu, sakafu ya nje inainuka, huo ni wa uwanja mkubwa. Mkungu unadondosha majani mapana kila mara, mwenye ufagio ajiandae. Mwembe kivuli chake ni kizito mwaka mzima, basi tu msiegeshe gari chini yake. Kwa mahali pakavu mimi ningechagua mwarobaini, ukishashika unavumilia ukame, unafika mita 15 hata 20, na haukawii sana kwahiyo mumeo naye ataridhika.

Mkifika kitaluni msikimbilie mche mrefu kuliko yote. Mche uliokaa muda mrefu kwenye kiriba, ule mfuko wa kuoteshea, mizizi yake imeshajizungusha humo ndani, na ukiupanda hivyo hivyo inaendelea kuzunguka na kunenepa mpaka inalikaba shina, mti unadhoofika miaka baadaye na hamjui kwa nini. Chaneni kiriba, mizizi iliyozunguka ikateni au muinyooshe. Shimo liwe pana mara 2 au 3 ya kiriba lakini kina kisizidi, pale shina linapotanuka kuwa mizizi paonekane juu ya udongo. Majani makavu ya kutunza unyevu wekeni kuzunguka ila yasiguse shina.

SWALI: Bwana shamba, sisi mti tunao tayari, umepita paa na upepo ukivuma tunalala roho juu. Fundi kasema tuukate kichwa. Ni sawa?
Baba Mwenye Wasiwasi

JIBU: Si sawa kaka, naomba usikubali. Ukikata kichwa yanachipuka matawi mengi membamba kwa pamoja, yameshikilia kwenye gome tu, na hayo ndo yatakayokatika baadaye, halafu kile kidonda kikubwa kinaoza kuelekea ndani. Mtafute anayejua kupunguza matawi, atoe yaliyokauka na yanayoelekea kwenye paa. Tawi zito aanze kulikata kidogo kwa chini, kisha juu mbele kidogo ili gome lisichanike, mwisho amalizie kile kisiki akiacha ule uvimbe wa shingoni penye shina, maana hapo ndipo mti unapofungia kidonda. Kagua pia pale shina linapogawanyika mara mbili, kama panda imebana sana na kuna ufa unaonekana, muite haraka kabla ya mvua, na watoto wasicheze chini yake kwa sasa.