Aliyepata jibu akaondoka nalo

Wiki hii mmeuliza ni tabia gani inayoua grupu la majadiliano haraka kuliko zote, na naona wengi wametaja matusi, wengine matangazo na zile meseji za "tuma kwa watu kumi". Mi naona hayo yana dawa, admini anamtoa mtu maisha yanaendelea. Kinachoua ni mtu kauliza, kasaidiwa, alafu anaandika "asanteni nishapata" anapotea, na alichokipata hakijui mwingine yeyote.

Niwaambie kwanini linaniuma. Nilipokua najifunza kushona cherehani ilinisumbua sana, yani juu mshono umekaa vizuri kabisa ila ukigeuza kitambaa chini ni mafundo ya uzi matupu. Nikatafuta kwenye grupu la mafundi nikakuta mtu aliuliza kitu hichohicho miaka mitatu nyuma, nikafurahi, nikasoma jibu mojamoja, huyu anasema badili sindano, yule anasema kagua bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, mwisho kabisa mwenyewe kaandika "imekubali wapendwa, mbarikiwe". Imekubali vipi sasa? Kesho yake nikajikaza nikauliza upya na wa kwanza kunijibu akasema "hili lilishaulizwa, muwe mnasoma". Jamani nilisoma! Nilisoma mpaka macho yakauma.

Aliyenitoa hapo ni mama mmoja, hakunisema wala nini, akaniandikia mwanangu mafundo yakiwa chini usianze na bobini, angalia uzi wa juu, nyanyua kwanza kile kiguu kinachokandamiza kitambaa ndo upitishe uzi, maana kikiwa kimeshuka zile sahani mbili za kukaza uzi zinakua zimebanana, uzi haukai katikati yake, unabaki umelegea na unavutwa wote chini. Nikafanya hivyo, mshono ukanyooka palepale. Nikarudi kwenye grupu nikaandika kila kitu, ilivyokua, nilichojaribu kikashindikana, na kilichosaidia, kwasababu nilijua yupo mwingine atakuja usiku wa manane na shida ileile na hatakua na wa kumuuliza.

Kulalamikia wageni hakujaanza leo. Kwenye Usenet, yale majukwaa ya zamani ya intaneti, kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vikuu walikua wanaingia hawajui taratibu, wenyeji wanawaelekeza mpaka wanazoea, ila kuanzia 1993 watu wapya wakawa wanamiminika mwaka mzima na wenyeji wakaupa wakati huo jina la Septemba isiyoisha. Naelewa walivyochoka, kujibu swali lilelile mara ya hamsini kunachosha kwakweli. Mwaka 1995 ukatoka mwongozo wa adabu za intaneti, RFC 1855, humo kuna kwamba kuandika kwa herufi kubwa tupu ni sawa na kupiga kelele, kwamba ukiwa na hasira ulale kwanza ndo ujibu, na kwamba mgeni asome mazungumzo ya wenzake mwezi mmoja au miwili kabla hajaandika chochote. Hilo la kulala nalishika sana, limeniokoa na ugomvi mwingi. La miezi miwili hapana, mtu ana nguo ya mteja mezani na inatakiwa kesho, asubiri nini?

Na kama kweli swali lilishaulizwa si umpelekee pale lilipojibiwa? Ni sekunde chache tu, hata kumkaripia kunachukua muda zaidi. Nimeona mtu anaandika aya mbili nzima za kumsema mgeni uvivu wakati jibu lenyewe lilikua sentensi moja, na yule mgeni hakuandika tena, na watu wa namna hiyo hatujui walikua na ujuzi gani ambao siku moja tungeuhitaji sisi.

Yule mama siku hizi haandiki sana. Lakini swali la mafundo lilikuja tena juzi, la binti mmoja aliyeandika kwa woga kabisa, akaanza na samahani kama kafanya kosa, nikafungua haraka nimjibu nikakuta kuna mtu hata simjui keshamwandikia, nyanyua kiguu kwanza ndo upitishe uzi, alafu ikikubali rudi utuambie. Na alirudi, na picha ya mshono kaiweka.