Shangazi, bundi wa darini ni mama?

“Shangazi, mama alifariki miezi miwili iliyopita. Tangu wiki ya mazishi, bundi analia darini kwetu kila usiku. Kaka anasema ni uchuro, anataka kumtegea sumu. Mimi nikimsikia natulia, kama mama yupo. Nimechanganyikiwa?”

Mwanangu, pole kwa msiba. Hujachanganyikiwa. Aliyefiwa hukaa macho usiku, na saa hizo mwenye sauti ni bundi.

Maana haimo kwenye manyoya yake. Warumi wa kale walimwona mpiga mbiu wa kifo. Waathene wakamweka kwenye sarafu zao za fedha, upande wa pili wa Athena, mungu wao wa hekima. Kwa Wahindu ndiye kipando cha Lakshmi, mungu wa neema. Ndege ni yuleyule. Sifa mbaya kaipata kwa makazi: magofu, minara, makaburini, mahali penye utulivu na panya. Tena ukingo wa mbele wa bawa lake una vijino kama vya kitana, vinavyovunja upepo usivume. Kitu cheupe kikupitie makaburini bila hata mvumo, utaacha kushtuka?

Basi akukumbushe mama, sawa. Ila usimfanye yeye ndiye mama. Panya wakipungua atahama, nawe utafiwa mara ya pili. Weka daftari kando ya kitanda. Akilia, andika tarehe na jambo moja dogo la mama, mfano alivyokohoa kabla ya kukemea. Mstari mmoja, kisha zima taa. Usimngoje dirishani hadi alfajiri. Huzuni ya asiyelala huwa nzito maradufu.

Kaka usibishane naye habari za uchuro, naye kafiwa. Zungumzieni sumu: nyingi za panya huzuia damu kuganda, na bundi akila panya aliyeilamba, naye huvuja damu ndani kwa ndani. Mtabaki na mzoga darini, na panya wengine.

Akishikilia aondolewe, sikilizeni kwanza jioni. Sauti kama ya mtu anayekoroma ni makinda wanadai chakula. Subirini wiki nane au zaidi, hadi wote waruke na kukoroma kukome, ndipo mzibe tundu usiku, bundi akiwa ametoka. Mkiziba mchana mtamfungia ndani.