Maswali na Majibu ya Fundi: Jetski Imekataa Kuwaka

Barua tatu zimetufikia kuhusu jetski zisizowaka, moja kutoka Nungwi, ya pili kutoka Diani na ya tatu kutoka Kisumu. Tumezichapa pamoja kwa sababu waandishi wote wametumia neno lile lile, kwamba chombo "hakiwaki", ilhali kinachotokea kitufe cha stata kinapobonyezwa ni tofauti katika kila barua, na kwa fundi tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe.

SWALI: Fundi, assalaam alaikum. Ninasimamia vyombo vya kukodisha hapa Nungwi. Mgeni mmoja alipinduka na jetski yetu yenye injini ya mipigo minne, vijana wakaogelea wakaigeuza, lakini haikuwaka tena. Boti ya wapiga mbizi iliyokuwa ikirudi pwani ikatusaidia kuikokota kwa mwendo wake wa kawaida. Tangu ifike, nikibonyeza stata injini hugonga mara moja, "tah", kisha husimama. Nimebadilisha betri na hali ni ile ile. Vijana wanasema stata imekufa, na wananishauri niagize nyingine Dubai. Niagize?

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Usiagize stata, na ninakuomba usiibonyeze tena hata mara moja kabla ya kumaliza kusoma jibu hili, kwa sababu mlio ulioueleza ni wa injini iliyojaa maji, na kila jaribio jipya linaweza kugeuza kazi ya jioni moja kuwa kazi ya kufungua injini nzima. Hewa ndani ya silinda hubanika pistoni inapopanda, maji hayabaniki. Pistoni ikiyakuta maji juu yake husimama ghafla, na stata ikiendelea kulazimisha, kinachoweza kupinda ni mkono wa pistoni. Betri mpya yenye nguvu huongeza hatari hiyo badala ya kuipunguza.

Maji yameingiaje? Huenda machache yaliingia chombo kilipopinduka, hasa ikiwa vijana walikigeuza kwa upande usiofaa. Nyuma ya jetski, tezini, watengenezaji hubandika kibandiko chenye mshale unaoonyesha upande wa kuigeuzia, kwa sababu ikizungushwa kinyume maji yaliyomo kwenye ekzosi hutiririkia kwenye injini. Kibandiko hicho kikishafifia kwa jua na chumvi, kiandikwe upya kwa rangi. Hilo ni jambo la dakika chache ambalo sijui kwa nini linapuuzwa sana katika vyombo vya kukodisha.

Hata hivyo, ninashuku zaidi ile safari ya kukokotwa. Jetski nyingi hupata maji ya kupoza kutoka kwenye pampu inayoisukuma: chombo kinapokwenda mbele, maji husukumwa kwenye mipira, yakazunguka kwenye sehemu zinazopata moto, kisha yakaingia kwenye ekzosi na kutupwa nje pamoja na moshi. Chombo kikikokotwa kwa kasi huku injini imezimwa, maji yanaendelea kusukumwa ndani kwa nguvu ya mwendo, lakini hakuna moshi wa kuyatoa. Mafla, yaani chemba ya ekzosi ya kupunguza kelele, hujaa, maji hupanda, na mwishowe huingia kwenye silinda kwa njia ya valvu zilizokuwa wazi. Kwa hiyo jetski inaweza kuondoka baharini ikiwa na hitilafu ndogo tu, ikafika ufukweni imekwisha kuzama kwa ndani, na aliyeikokota akashukuriwa kwa wema wake.

Sasa fanya hivi. Toa kiti na uache chombo kipungwe na upepo kwanza, kwa kuwa mvuke wa petroli hutuama chini, katika ngama (uvungu wa ndani wa chombo), na cheche moja inatosha kuuwasha. Ikiwa ngama ina maji, fungua vizibo vya nyuma yatoke, au yateke uyamwage nje. Kisha chomoa nyaya za koili (vifaa vya kuzipa plagi umeme wa cheche) zilizo juu ya plagi, toa koili, halafu fungua plagi zote. Usiache koili zikiwa zimeunganishwa huku zimening'inia, maana zitatoa cheche karibu kabisa na mahali ambapo petroli iliyochanganyika na maji itarushwa, na pia zinaweza kuharibu kompyuta ya injini. Funika matundu ya plagi kwa kitambaa kikubwa, kaa kando, na ndipo ubonyeze stata kwa sekunde mbili tatu, uache, urudie. Katika jetski za Sea-Doo za injini ya kisasa, ukikaza kishikio cha mafuta hadi mwisho kabla ya kubonyeza stata, injini huzunguka bila kupewa petroli, na utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya injini iliyozama. Maji yatafoka, mwanzoni kwa wingi, kisha kama ukungu, na mwishowe utasikia pumzi kavu ya pistoni.

Usifurahi bado. Chomoa kijiti cha kupimia oili ukitazame penye mwanga. Oili ikiwa imegeuka nyeupe-kahawia kama chai ya maziwa, maji yamepita pistoni na kufika chini, na injini haifai kuwashwa na oili hiyo. Jetski nyingi hazina kizibo cha kumwagia oili chini kama gari, hivyo utahitaji pampu ya kunyonya kupitia tundu la kijiti. Nyonya, badilisha chujio, weka oili mpya, washa kwa muda mfupi, tazama tena. Kwa kawaida kazi hii hurudiwa mara mbili au tatu hadi oili ibaki na rangi yake. Si kazi ya kubania pesa. Oili utakayotumia itakugharimu, lakini bei yake haikaribii ya injini.

Kuhusu muda, maji ya chumvi hayasubiri. Kutu huanza kwenye kuta za silinda katika saa chache, na injini inayoachwa hadi kesho kutwa ikimngoja fundi inaweza kukwama isizunguke tena. Kama fundi hawezi kufika siku hiyo hiyo, basi wewe mwenyewe toa plagi, toa maji, nyunyizia mafuta ya kuzuia kutu ndani ya kila silinda, zungusha injini kidogo ili yaenee, na urudishe plagi. Baada ya hapo unaweza kumngoja fundi kwa utulivu zaidi.

Ukifika hatua ya kuijaribu, weka plagi kavu, na kama unaijaribu nchi kavu kwa mpira wa maji, fuata mpangilio huu bila kuugeuza: washa injini kwanza, ndipo ufungue bomba; ukimaliza, funga bomba kwanza, kaza kishikio cha mafuta kidogo ili maji yaliyobaki yatoke, ndipo uzime. Anayefungua bomba kabla ya injini kuwaka huijaza maji ekzosi kwa njia ile ile ya kukokotwa, na ninawajua waosha vyombo wanaofanya hivyo kila jioni kwa nia njema kabisa. Vilevile usiiache iungurume bila maji. Yamaha, kwa mfano, huonya kwamba injini isizidi sekunde 15 bila maji ya kupoza.

Siku nyingine ikibidi kukokota, mwambie nahodha asizidi kilomita 8 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Kama bahari haitaruhusu mwendo huo, mpira unaotoa maji ya kupoza kutoka kwenye pampu hubanwa kwa kibanio kabla ya safari. Kibanio hicho kitolewe kabla ya kuwasha, na ni vyema kifungwe kitambaa chekundu kinachoning'inia nje ya kiti, kwa kuwa injini itakayowashwa nacho itaungua.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Diani na jetski ni ya mjomba wangu. Tuliiweka bandani mwezi wa Aprili mvua zilipoanza, na Julai tulipoitoa tulikuta kioo cha dashibodi kinawaka kwa mwanga hafifu, lakini nikibonyeza stata nasikia "tik-tik-tik" basi. Mjomba anataka tuiwashe kwa nyaya kutoka kwenye gari lake. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mlio wa haraka wa namna hiyo kwa kawaida ni rilei ya stata, yaani swichi inayoipitishia stata umeme, inayojaribu kufunga na kuachia kwa sababu umeme hautoshi. Laiti kungekuwa na kimya kabisa, ningekuelekeza kwanza kwenye klipu ya kamba ya usalama, ambayo isipokaa sawasawa huzuia kila kitu. Katika Sea-Doo klipu hiyo ndiyo ufunguo, na ukitambuliwa husikika milio miwili mifupi, na usiposikia hiyo hakuna haja ya kugusa betri. Wewe tatizo lako limekwisha kujitaja.

Mwambie mjomba, kwa adabu, kwamba gari linalounguruma lisiunganishwe na jetski. Altaneta ya gari, mtambo wake wa kuzalisha umeme, ni kubwa kuliko mfumo wa chombo hicho, na cheche ya nyaya juu ya ngama yenye mvuke wa petroli ni hatari isiyo na sababu. Toa betri nje, ukianza na waya hasi, uipime kwa mita. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6 au zaidi. Ikisoma chini ya 12.4 inahitaji chaji, na ikisoma 12.0 karibu imekwisha. Ichaji polepole kwa chaja ndogo usiku kucha mahali penye hewa. Kisha ipime tena wakati stata inazunguka: ikishuka chini ya volti 9.6 au hapo, imechakaa hata kama ilisoma vizuri ilipotulia, na ni lazima inunuliwe nyingine.

Kabla ya kununua, hata hivyo, tazama vichwa vya nyaya. Unga mweupe au wa kijani ukiwapo, usugue kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza nati kwa spana wala si kwa vidole, upake grisi. Waya hasi ufuate mpaka unapofungwa kwenye injini, maana pwani mwisho huo wa pili huliwa na chumvi na hakuna anayeutazama. Betri nyingi zinazotupwa hazikuwa na kosa.

Injini ikizunguka vizuri na bado haishiki, hamia kwenye petroli. Mafuta yaliyokaa miezi mitatu kwenye tangi katika unyevu wa masika hupoteza nguvu, na matone ya maji hukusanyika chini. Nyonya kidogo kutoka chini ya tangi, utie kwenye chupa safi inayopitisha mwanga, uiweke juu ya meza isiyotikisika kwa dakika 10. Maji hushuka yakafanya mstari ulio wazi chini ya petroli; ukiuona, mwaga tangi lote. Fanya jaribio hilo hilo kwa kidumu unachonunulia. Toa pia plagi moja: ikiwa imelowa na kunuka petroli, mafuta yanafika lakini cheche ni dhaifu au injini imezidiwa mafuta, kwa hiyo weka plagi mpya; uliyoitoa ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki, na hapo mwite fundi aangalie pampu na nozeli. Msimu ujao, betri itolewe Aprili na kuchajiwa mara moja kila mwezi.

SWALI: Bwana Fundi, hujambo? Nilipita na jetski kwenye magugu maji karibu na ufuo hapa Kisumu, ikapoteza nguvu, nikaizima. Sasa stata inaguna tu na injini haizunguki kabisa. Oili ni safi na betri ni mpya. Je, injini imekwama?

JIBU: Sijambo, bwana. Haielekei kuwa injini. Katika jetski nyingi shafti ya injini imeunganishwa moja kwa moja na impela ya pampu (panga linalozunguka kusukuma maji) bila klachi, hivyo kinachoifunga impela huifunga na injini. Ulipozima, mashina ya magugu yaliyokuwa yamejisokota humo yalibaki yamekaza, na mara nyingi huwa yamebeba kipande cha wavu au kamba ya nailoni, ambacho ndicho kinachofunga hasa.

Pandisha chombo nchi kavu. Usijilaze chini yake majini, kwani ufuo wenye magugu una viboko pia. Toa klipu ya usalama na uchomoe waya hasi wa betri kabla ya kuingiza mkono. Chungulia kwa kurunzi kupitia wavu wa chuma ulio chini ya bodi, ukate vipande vidogo vidogo kwa kisu chenye ncha butu, uvitoe kwa koleo, bila kupekecha kingo za impela kwa bisibisi, kwa sababu ukingo uliochimbika hupunguza msukumo hata injini ikiwa na afya. Ukishaona chuma kitupu pande zote, zungusha impela kwa mkono. Ikizunguka, rudisha waya na ujaribu stata. Ikikataa ilhali hakuna kilichonasa, toa plagi kabla ya kubonyeza tena, kisha ufuate jibu tulilompa ndugu yetu wa Nungwi.