Upasuaji wa mshipa wa shingo: msichelewe, na muulizeni daktari haya

Pole sana, dada. Baba amepata kiharusi kidogo hapo Tukuyu, vipimo Mbeya vimeonyesha mshipa wa shingo umeziba asilimia 80, na unaogopa upasuaji usije ukaleta kiharusi kingine. Hofu yako ina msingi: kipande cha mafuta kikichomoka mshipani huweza kufika kwenye ubongo. Ila kuchelewa nako ni hatari. Upasuaji huu wa kuondoa mafuta hayo hufaa zaidi ndani ya siku 14 tangu dalili za kiharusi, kwa hiyo fuatilieni rufaa ya Dar es Salaam leo, msingoje pesa za mauzo ya kahawa.

Asiache aspirini wala dawa ya kolesteroli bila daktari kusema. Presha idhibitiwe, sigara aache kabisa.

Muulizeni daktari bila aibu: amepasua wangapi, na wangapi walipata kiharusi au kufa? Kwa wagonjwa waliokwisha kupata dalili kama baba, wataalamu hutaka wasizidi 6 kati ya 100. Ubongo ataulindaje mshipa ukibanwa wakati wa upasuaji? Wengine huweka mrija wa muda wa kupitisha damu, wengine hutumia ganzi ya shingo tu ili mgonjwa aendelee kuongea na daktari ajue ubongo bado unapata damu.

Baada ya upasuaji, kichwa kikimuuma sana, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, ni hospitali saa hiyo hiyo, si duka la dawa.