Nimeungua na dawa ya nywele saluni, wananiambia pesa hairudi. Nina haki gani?

SWALI: Wakili, nilikwenda saluni kuritachi dawa (kulainisha nywele zilizoota upya) na kupaka rangi siku hiyohiyo. Dawa ilipoanza kuchoma nilimwambia msusi, akanijibu nivumilie kidogo kwa sababu nywele zilikuwa hazijalainika. Kesho yake nilikuwa na vidonda vinavyotoa maji kisogoni na nyuma ya masikio, na sasa nywele za utosini zinakatika kila nikipitisha kitana. Nilirudi kulalamika. Mwenye saluni alinionyesha tangazo ukutani kwamba pesa ikishalipwa hairudishwi, akaniahidi stimu ya bure. Ninaweza kudai chochote? Na nikiweka picha mtandaoni nitakuwa nimekosea?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Tuanze na kichwa, sheria itasubiri. Vidonda vinavyotoa maji vinahitaji daktari, wa ngozi akipatikana, na ni leo kuliko kesho. Hiyo stimu ya bure usiikubali kwa sasa. Ngozi iliyoungua haihitaji joto wala dawa nyingine juu yake. Ukifika kwa daktari, mweleze ulipakwa nini na lini, kisha umwombe aandike anachokiona: vidonda viko wapi, vina ukubwa gani, na kwa maoni yake vimesababishwa na nini. Bila karatasi hiyo, mwenye saluni atasema vidonda ulivipata kwingine.

Sasa madai yenyewe. Ndiyo, unaweza kudai, na nguvu ya madai yako iko katika sentensi moja uliyoiandika: ulisema inachoma, ukaambiwa uvumilie.

Dawa za kulainisha nywele kwa kawaida ni alkali kali, nyingi zina pH (kipimo cha asidi na alkali, ambacho kwa kawaida huishia 14) ya 12 hadi 14, na hata zile zinazouzwa kama za ngozi laini zinaweza kuunguza. Alkali haiishii juu ya ngozi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuingia ndani, ndiyo maana maelekezo ya pakiti husema dawa ioshwe mara mteja anapohisi kuchomwa, nywele ziwe zimelainika au hazijalainika. Msusi anayefanya kazi hii kila siku anajua hilo, au anapaswa kulijua. Rangi nayo ina utaratibu wake. Rangi ya kudumu hujaribiwa kwenye sehemu ndogo ya ngozi saa 48 kabla, na maelekezo mengi hutaka zipite kama wiki mbili kati ya dawa na rangi. Wewe ulifanyiwa vyote kwa mkupuo, juu ya ngozi iliyokwisha kulalamika.

Kisheria, msusi hakukuahidi kwamba utapendeza. Kwa hiyo mtu aliyepata rangi aliyoiomba, kisha akaona haimpendezi, hana la kudai. Alichokuahidi, hata kama hamkuandikiana, ni kufanya kazi kwa uangalifu na ujuzi unaotarajiwa kwa fundi wa kazi hiyo. Kazi ikiwa mbovu bila kuumiza, kwa mfano rangi yenye mabaka, kwa kawaida saluni hupewa nafasi ya kuirudia au kupunguza malipo. Lakini mteja akijeruhiwa kwa uzembe, tumetoka kwenye kurudisha pesa na kuingia kwenye fidia. Hakuna anayeweza kukulazimisha urudishe kichwa chako kwa mikono ileile.

Ndiyo maana lile tangazo halinitishi, na wewe lisikutishe. Linaweza kumzuia mteja aliyebadili mawazo tu. Katika nchi nyingi mfanyabiashara hawezi kujivua wajibu wa majeraha ya mwili yaliyotokana na uzembe wake kwa kubandika karatasi ukutani. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kumlinda mlaji, uliopitishwa mwaka 1985 na kurekebishwa mwaka 2015, unazitaka nchi zilinde afya na usalama wa mlaji na kumpa njia ya kupata fidia. Mwongozo si sheria ya kupeleka mahakamani, ila sheria za nchi nyingi zinafuata mkondo huohuo.

Ushahidi ndio ninaouhofia, kwa sababu huu wako unapona na kudondoka. Usikate nywele kabla ya kupiga picha. Piga mchana kwenye mwanga wa dirishani, sehemu ileile, pembe ileile, na urudie kila baada ya siku chache. Zinazobaki kwenye kitana zihifadhi kwenye bahasha yenye tarehe. Ziangalie kwa karibu: unywele uliong'oka una kinundu cheupe upande wa mzizi, uliokatika hauna. Zikiwa nyingi hazina kinundu, ni dalili kwamba unywele wenyewe umeharibiwa, na daktari atakusaidia kulisema hilo kitaalamu. Kisha mwandikie mwenye saluni ujumbe wa kawaida ukimuuliza ulipakwa dawa gani na ya nguvu gani. Jibu lolote atakalotoa litunze, pamoja na risiti au ujumbe wa malipo.

Jiandae pia kuulizwa wewe. Ulikuwa umejikuna au umetoka kufumua misuko? Uliwahi kupaka rangi nyingine ukanyamaza? Sema ukweli. Kuficha kunaweza kupunguza fidia, ingawa kumuuliza mteja na kukagua ngozi kabla ya kupaka dawa ni kazi ya msusi.

Barua ya madai mwandikie mwenye saluni. Kama msusi amekodi kiti tu, waandikie wote wawili, wasije wakarushiana mpira. Eleza tarehe, huduma, ulichosema dawa ilipochoma na ulichojibiwa, kisha utaje unachodai: pesa ya huduma, gharama za matibabu na usafiri, gharama ya kurekebisha nywele kwingine, kipato ulichokosa kama kipo, na maumivu. Kila kinachohesabika kiwe na risiti. Wape siku 14. Wakikaa kimya, nenda kwenye mamlaka ya kulinda walaji au mahakama ya madai madogo. Usikawie, madai yana ukomo wa muda.

Wakikuita mmalizane, usisaini karatasi inayosema huna madai tena mpaka daktari akuambie ngozi imeponaje. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo zilizokatika zitarudi taratibu. Penye kovu huenda zisiote tena, na fidia ya kovu si sawa na ya nywele zilizokatika.

Kuhusu mtandao: kusimulia yaliyokupata, kwa picha zako mwenyewe, kwa kawaida si kosa. Usiandike usichoweza kukithibitisha, kama vile kwamba wanatumia dawa feki, na uso wa msusi usiuweke. Ila usimwambie mwenye saluni "nilipe au nitaweka picha". Maneno hayo yanaweza kugeuzwa kuwa vitisho, na wewe mwenye haki ukawa ndiye unayejitetea.