Ajanta iache kwanza: Bhaja, Karla na Bedse zinatosha

Mkuu, pole na kuuguza, Mungu amjalie mzee apone. Umeuliza kama ukiwa Mumbai na siku mbili tatu za nafasi inafaa kukimbilia Ajanta kuona mapango ya Wabudha. Nimesoma Pune, na kwa safari yako hii nasema hapana. Michoro ya ukutani ya Ajanta haina mpinzani, lakini unakesha njiani hadi Aurangabad (siku hizi Chhatrapati Sambhajinagar), halafu bado kilomita kama 100. Mgonjwa yuko hospitali, usiende mbali hivyo. Yapo mapango ya zamani kuliko mengi ya Ajanta, Bhaja, Karla na Bedse, karibu na Lonavala, mji wa milimani kati ya Mumbai na Pune, mwendo wa saa tatu hivi kwa treni, na wageni wengi wanayapita bila kujua.

Shuka Lonavala, ubadilishe uchukue treni ya abiria iendayo Pune, kituo kinachofuata ni Malavli. Hapo anzia Bhaja, maana ndiyo itakayokufungua macho kwa mengine. Yalichongwa karne ya 2 kabla ya Kristo, mapango 22. Ukumbi mkubwa wa ibada uko wazi mbele kwa sababu uso wake ulikuwa wa mbao, na mbao zimeshaoza. Matundu zilimochomekwa bado yapo kwenye mwamba. Sasa tazama nguzo: zimeinamia ndani. Nilisomea ujenzi, na jambo hilo lilinishika kuliko sanamu zote. Ukumbi uliochimbwa ndani ya mlima hauhitaji nguzo ya kuinama, paa halisukumi kitu. Ila mafundi wale walitoka kwenye kujenga kwa miti, ambako nguzo huinamishwa ili zihimili paa, basi wakachonga jiwe kwa kufuata mazoea ya mbao. Pembeni kidogo kuna stupa (kuba za mawe za Wabudha) 14 zimebanana, tano ndani ya pango na tisa nje, za kuwakumbuka watawa waliofariki, baadhi zina majina yao.

Mchana vuka bonde kwa bajaji uende Karla. Karla inatazama magharibi, kwa hiyo ufike kuanzia saa tisa alasiri hivi, jua linapoingia kwenye dirisha kubwa la umbo la kwato ya farasi na kumulika nguzo hadi kwenye stupa. Ukumbi una urefu wa mita 45 hivi na kimo cha mita 14. Hapa nguzo zimesimama wima, mafundi walishaanza kuliamini jiwe, lakini darini wakapachika mbavu za mbao za msaji zisizobeba chochote. Mbao hizo bado zipo, karibu miaka 2,000.

Usiondoke bila kutazama maandishi kwenye nguzo na mlangoni. Ni majina ya waliochanga: muuza manukato, fundi seremala, watawa, na watu walioitwa Yavana, yaani Wagiriki au wageni wa magharibi. Tajiri mmoja, Bhutapala, akajisifu kwamba jengo hili ni bora kuliko yote Jambudvipa, yaani India nzima. Michango ilikuja kwa sababu misafara kutoka bandari za Kalyan na Sopara ilipandia milima hii. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1 kinazitaja bandari hizo, na hicho hicho kinaitaja Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu.

Kero ya Karla ni umati. Hekalu la Ekvira, mungu wa kike wa Wahindu, liko mlangoni kabisa, na Wakoli, wavuvi wa Mumbai, humiminika kuhiji. Epuka Jumapili na sikukuu. Ngazi zinazidi 300, chukua maji.

Ukipata asubuhi nyingine, nenda Bedse kwa kushukia Kamshet. Inatazama mashariki, kwa hiyo jioni hutaona kitu. Nguzo za mbele ni ndefu sana, juu yake wamepanda wanaume na wanawake migongoni mwa farasi na tembo. Mara nyingi utakuwa peke yako na mlinzi. Kwangu mimi hii ndiyo nzuri kuliko zote, ingawa Karla ni kubwa.

Msimu wa mvua, mwezi wa sita hadi wa tisa, milima ni kijani na maporomoko yanapendeza ila ngazi zinateleza vibaya. Wageni hulipa kiingilio kikubwa kuliko wenyeji, usigombane na mtu.

Na kama daktari hajakupa hata siku moja ya kutoka mjini, panda treni hadi Borivali, ndani ya hifadhi ya Sanjay Gandhi kuna Kanheri, mapango zaidi ya 100, na mifereji na matangi ya maji ya mvua yaliyochongwa kwenye mwamba. Jumatatu hifadhi hufungwa.